Maneno ya Mama Ngoie

Da Odette alizikwa Lubumbashi siku ya Jumatano, na kwenye kilio chake watu hawakuchoka kuuliza kwa nini alitengeneza filamu moja tu maishani. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, chai imepoa mikononi, na kila aliyeingia alikuwa na jibu lake. Mwanamke mmoja alisema mumewe alimkataza. Mwingine akasema sifa zilimtia woga, maana filamu ile ilizunguka mpaka Ulaya, wazungu wakasimama kuipigia makofi, na mtu akishapigiwa makofi namna ile hujiuliza atafanya nini tena. Upande wa pili wa ua alikaa Théo, mpiga picha wake wa wakati ule, ndevu zimekuwa nyeupe kama unga, na macho yetu yalipokutana aliyateremsha haraka. Watu wawili tu pale uani tulijua sababu, na mmoja wetu ndiye alikuwa sababu yenyewe.

Baada ya maombi, binti yake, Grâce, aliniita chumbani kwa mama yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka mpya, na juu yake palikuwa na sanduku la viatu lililojaa kaseti ndogo za kamera. Alikuwa na macho ya mama yake, yale makubwa yasiyopepesa. "Tantine," akasema, akiniita shangazi kwa Kifaransa, "tunataka kuitia filme ya mama ku interneti, bantu bote baione. Lakini maandishi ya chini iko paka mu Français tu. Weye njo ulitafsiri wakati ule. Utatusaidia kutia ya Swahili?" Nilimwambia nitafikiri. Sikuwa na haja ya kufikiri. Nilikuwa nimefikiri zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka ule nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na nilikuwa Kamina bila kazi, kwa sababu maprofesa wa chuo walikuwa wamegoma na sisi wanafunzi tulirudishwa nyumbani. Da Odette na Théo walishuka kwenye treni mwanzoni mwa kiangazi, siku ambayo vumbi jekundu lilikuwa limefunika hata majani ya miembe ya stesheni. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Lubumbashi. Théo alikuwa akipiga picha za arusi na za misiba. Hakuna aliyewatuma. Kamera waliificha ndani ya mfuko wa unga wa mahindi ili askari wasiwasumbue njiani, na kwa wiki nzima Théo aliipuliza unga kwa mdomo akilaani. Walipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, mahali nilipokuwa nikikaa. Asubuhi ya kwanza Da Odette alinikuta nafagia ua, akaniuliza, "Feli, unasikia Kiluba muzuri?" Nikamjibu ndiyo lugha ya kwetu. "Alors, weye njo utakuwa masikio ya minyi." Kuwa masikio yake: sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho. Nilikiamini mpaka kikaniharibu.

Alikuja kwa ajili ya watu wa hangari. Wakati ule wanamgambo walikuwa wakichoma vijiji upande wa Malemba-Nkulu, na watu walikuwa wakiingia Kamina kwa miguu, kwa baiskeli, wengine wamebeba mlango wa nyumba kichwani kwa kuwa ndicho kitu pekee kilichobaki. Walilazwa katika hangari, ghala la zamani la pamba karibu na reli. Redio ya Kinshasa haikuwataja. Redio za nje zilikuwa na vita vyao vingine. "Bantu banakufa kule, na hata jirani hajue," Da Odette alikuwa akisema, kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyetukanwa yeye binafsi. Alitaka watu wote, wa huku na wa mbali, waone nyuso zile na kusikia zile sauti. Hakuwa na maneno makubwa ya sanaa. Alisema, "Tubaonyeshe. Njo kazi ya siye."

Kila siku tulikwenda hangarini. Ndani kulikuwa na giza hata mchana, mabati yalilia kwa joto, na familia zilikuwa zimejitengea vyumba kwa kutundika vitenge na magunia kwenye kamba. Ulipita kati ya vitambaa ukisikia kikohozi huku, ugomvi wa sufuria kule, mtu anamfundisha mtoto kuhesabu. Mlangoni alikaa mke wa askari kutoka Base, kambi ya jeshi, mwanamke mkubwa wa mkoa wa Équateur aliyeuza mikate ya kukaanga na kumtukana kila mtu kwa Kilingala, na ambaye mara nyingi aliwapa watoto mikate iliyoungua akisema hawezi kuiuza, ingawa mimi niliiona: haikuwa imeungua. Chumba cha mwisho, kwenye kona, kilikuwa cha Mama Ngoie na binti yake Mwadi, mwenye miaka kumi na mitatu. Walitoka kijiji cha wavuvi karibu na Mulongo, kule kwenye mabwawa. Mama Ngoie alikuwa mwembamba, mtaratibu, hapandishi sauti. Alitukaribisha tangu siku ya kwanza, akatuwekea gunia tukalie, akapika bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo isiyo na mafuta, na akasisitiza tule kwanza. Kamera haikumsumbua. Aliongea habari za nyavu, za jinsi ya kukausha samaki, za bei ya chumvi. Da Odette alipomuuliza kwa mdomo wangu habari za siku ya kukimbia, alijibu, "Tulikimbia," na kuongeza kuni.

Ikapita hivyo miezi miwili. Jioni moja nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba, na dirisha la chumba chao lilikuwa wazi juu ya kichwa changu. Nikamsikia Théo. "Tumebakia na kaseti mbili. Na filme haina na muntu ndani. Bantu banaikala, banapika, banalala. Njo filme hiyo? Nani ataangalia?" Da Odette akajibu polepole, "Ule Mama Ngoie iko na kintu. Minyi naona ku macho yake." "Macho haisemake, Odette." Kisha Théo akasema maneno yaliyonichoma: "Labda ule mutoto hajue kutafsiri. Labda haulize muzuri." Nilisubiri Da Odette anitetee. Alisema tu, "Sijui." Nilibaki pale na sahani mkononi mpaka maji yakapoa. Alikuwa ameniahidi kwamba kazi ikiisha nitakwenda naye Lubumbashi, tutafanya filamu nyingine na nyingine, na nilikuwa nimeshaanza kutembea kama yeye, hata kufunga kitambaa kichwani kama yeye. Sasa niliogopa kwamba ataondoka na kunisahau kama mtu aliyeuliza njia.

Siku chache baadaye nilifanya nilichojua kufanya. Nilikwenda hangarini peke yangu, kwa siku nne mfululizo, bila kamera. Nilimsaidia Mama Ngoie kutwanga, nikamsuka nywele. Sikumuuliza kitu. Siku ya nne aliniuliza mwenyewe kama nina mtoto. Nikasema sina. Akasema, "Basi sijui kama utaelewa, lakini nitakuambia." Ningeweza kuketi na kusikiliza. Badala yake nilimshika mkono nikamwambia angoje kidogo, nikakimbia njia nzima ya reli mpaka kwa shangazi, nikarudi na Da Odette na Théo wakihema. Aliwatazama wakipanga kamera. Mwadi alikuwa ametumwa kuni. Akasema, "Sawa," akaanza.

Alisimulia kwa Kiluba, mimi nikimnong'oneza Da Odette Kiswahili kila aliponyamaza. Walikimbia kwa mtumbwi, yeye, Mwadi, jirani wawili na mtoto mchanga, Kalenga, wa miezi saba. Wakajificha ndani ya mafunjo. Wanamgambo walisimama ukingoni, karibu kiasi kwamba aliwasikia wakiomba sigara. Kalenga akaanza kulia. Jirani wakamtazama. Hawakusema neno, alisema, walimtazama tu. Akambana mtoto kifuani, akambana mpaka akanyamaza. Wale watu wakakaa sana pale ukingoni. Walipoondoka, Kalenga alikuwa amenyamaza kabisa. Mwadi alikuwa amelala chini ndani ya mtumbwi, amefunikwa wavu, na hakuona. Mama Ngoie alimwambia Kalenga amekufa kwa homa. Walimzika kwenye kisiwa cha majani ambacho mvua ikija husogea, kwa hiyo hata kaburi lake halijulikani liko wapi.

Akanyamaza muda mrefu. Théo alikuwa akilia nyuma ya kamera, lakini hakuizima. Kisha Mama Ngoie akageuka, akanitazama mimi, si kamera, akasema kwa sauti ile ile ya taratibu: "Mwanangu, haya nimekuambia wewe. Waambie wenzako wasiyaweke ndani ya hiyo mashine. Mwadi hajui."

Da Odette akanishika goti. "Anasema nini?"

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na muda wa kufikiri. Nadhani ulikuwepo. Niliona machozi kwenye shavu la Da Odette, nikamwona Théo akiniangalia kwa heshima kwa mara ya kwanza, nikajua kwamba filamu imepata mtu, na kwamba aliyemleta ni mimi. Nikasema, "Anasema ni hayo tu." Da Odette akamshukuru kwa neno moja la Kiluba alilokuwa amejifunza, *wafwako*, akiwa ameweka mkono kifuani. Mama Ngoie akaitika. Alidhani amekubaliwa.

Waliondoka na treni wiki ile ile. Sikwenda nao, tulikubaliana nitafuata wakimaliza kuunganisha picha. Barua zilikuja, kisha simu kwenye kioski cha stesheni, sauti ya Da Odette ikikatika kwa furaha: filamu imeonyeshwa Kinshasa, filamu imeitwa Ulaya, watu wameuliza Malemba-Nkulu iko wapi, mashirika yameuliza, mbunge mmoja amesimama kuzungumza. Na kweli, mvua za kwanza ziliponyesha, malori mawili ya mablanketi na unga yalifika hangarini, na daktari mmoja akaja kutibu watoto. Siwezi kusema filamu ile haikusaidia mtu. Ningetaka kusema hivyo, ingenipa adhabu iliyo rahisi, lakini nililaliwa na mtoto wa hangarini kwenye mapaja yangu, amefunikwa blanketi lile.

Da Odette alikuwa ameapa kwamba watu wa hangari wataiona filamu yao. Alirudi kabla ya Noeli, na Jumapili mchana baada ya misa tukaandaa ukumbi wa parokia: shuka nyeupe ukutani, madirisha yamezibwa na maturubai, jenereta inaunguruma nje. Niliogopa tangu asubuhi, lakini nilijidanganya kwamba kipande kile cha mwisho kitakuwa kimekatwa. Kwa nini abakize mwanamke akimwambia mkalimani kwamba amemaliza? Mama Ngoie aliketi mstari wa mbele, amevaa kitenge alichopewa na dada wa parokia, Mwadi pembeni yake. Watu walicheka walipojiona. Waliitana majina. Walipomwona mzee mmoja aliyefariki Oktoba, ukumbi mzima ukavuta pumzi. Kisha uso wa Mama Ngoie ukajaa shuka yote.

Hakujitetea, hakusimama. Alijisikiliza mwenyewe akisema ya mtumbwi. Niliona mgongo wake tu, na kichwa cha Mwadi kikigeuka polepole kumtazama. Da Odette hakukata chochote. Hakujua Kiluba; aliona tu mwanamke akigeuza uso baada ya kimya kirefu na kusema jambo kwa upole, na alipenda jinsi alivyogeuka. Kwa hiyo ukumbi uliojaa Waluba ulisikia kila neno: haya nimekuambia wewe, wasiyaweke ndani ya hiyo mashine, Mwadi hajui. Na chini yake, kwa Kifaransa, herufi nyeupe zilisema: *Ni hayo tu.*

Kwanza ilikuwa minong'ono. Kisha mwanaume mmoja nyuma akasimama. "Alikataa! Ule mama alikataa, na banamuonyesha!" Wanawake wakaanza kupiga kelele. Da Odette alikuwa ameketi karibu nami, akiangaza huku na huku, akidhani watu wanalilia Kalenga. "Feli, banasema nini? Feli?" Nikamtafsiria. Safari hii sikuacha kitu. Nilimwambia alichosema Mama Ngoie siku ile, neno kwa neno, na nikamwambia kwamba nilikisikia siku ile vile vile kama leo. Hakunipiga, hakunitukana. Aliinuka, akatoka nje, akang'oa waya wa jenereta kwa mkono wake, na ukumbi ukaingia giza. Watu walipotoa maturubai kwenye madirisha, mwanga ukaingia, na katika mwanga ule Mwadi alikuwa amesimama mbele ya mama yake. "Kalenga hakukufa na homa?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, si kwa Kiluba, kama mtu anayezungumza na mgeni. Da Odette alipiga magoti pale kwenye saruji, akaanza kuomba msamaha kwa maneno ambayo Mama Ngoie hakuyaelewa vizuri, na mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kutafsiri, sikufungua mdomo.

Kesho yake nilimsindikiza Da Odette stesheni. Nilitaka kumwambia nitakwenda kusimama mbele ya watu niseme ni mimi. Hakuniacha nimalize. "Filme ni ya minyi," akasema. "Jina ya minyi njo iko pale juu. Minyi njo niliwasha kamera. Weye ulikuwa mutoto." Halafu, mguu ukiwa tayari kwenye ngazi ya behewa: "Lakini juu ya nini, Feli?" Nikasema nilitaka aipende kazi yangu. Akaitika kwa kichwa, kama mtu anayepokea habari za kifo alichokwisha kusikia. Baadaye nilijua kutoka kwa Théo kwamba aliandika barua kila mahali kuomba nakala zirudishwe, akakataa kila mwaliko, na zaidi ya Théo mwenyewe hakumwambia mtu sababu, hata mumewe. Alirudi kufundisha darasa la pili. Hakushika tena kamera, hata kwenye arusi ya dada yake. Hangari ilipofungwa, Mama Ngoie alirudi mabwawani na Mwadi. Habari za kifo cha Mama Ngoie nilizipata Likasi, nilikohamia kufundisha. Zilikuwa zimechukua mwaka mzima kufika.

Haya yote nilimwambia Grâce kwa simu, wiki moja baada ya kilio. Nilidhani atakata simu. Akasema, "Ule mutoto wa kike, iko muzima?" Nikasema nasikia anauza samaki soko la Kamina. "Basi uende umuulize yeye, Tantine. Si minyi."

Nilikwenda, na filamu aliyonitumia Grâce ndani ya simu yangu. Mwadi alikuwa ameketi nyuma ya meza ya samaki wakavu, amenenepa, ana mvi mbili tatu kwenye paji la uso. "Karibu, mama. Samaki ya Mulongo," akasema, kama anavyomwambia mteja yeyote. Nikamwambia, "Mwadi, ni minyi, Feli." Akaendelea kupanga samaki. "Minyi nilikujua tangu uliingia kule ku mulango."

Nilimweleza kilichonileta. Sikujisafisha. Alisikiliza huku akiuza, akirudisha chenji, akifukuza nzi. Nilipomaliza aliuliza, "Ile filme, mama iko anaonekana ndani muzuri?" Nikasema ndiyo. "Minyi sina hata picha moja ya mama." Akamwita jirani ashike meza, tukaingia kwenye kibanda chake cha nyuma chenye joto na magunia ya chumvi, nikamshikia simu. Aliangalia yote. Alicheka mama yake alipolalamikia chumvi. Ilipofika sehemu ile sikuweza kutazama. Nilitazama miguu yake. Sauti ya Mama Ngoie ikasema maneno yake mpaka mwisho.

"Umwambie ule mutoto wa Da Odette hapana," Mwadi akasema. "Isiende ku interneti. Ibakie kwa minyi."

"Nitamwambia."

"Weye unawaza nilikukasirikia juu ya bantu kusikia." Alikuwa bado anatazama kioo cha simu kilichozimika. "Bantu banasemaka, kisha banachoka. Hapana. Mama aliita weye mwanangu. Weye alikuambia. Na minyi niliikala naye miaka mbili kule mabwawani, siye babili mu nyumba moja, nikimungoja aniambie na kinywa yake. Akakufa hajaniambia."

Nilikuwa nimeandaa majibu ya miaka ishirini, na hakuna hata moja lililohusu jambo hilo. Sikuwa nimelifikiria kamwe. Nikakumbuka kitu ambacho hakimo kwenye filamu kwa sababu Théo alikuwa ameshafunga kamera. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile, wenzangu walipotoka, mama yake aliniomba maji, akanawa uso mara tatu, akajifuta na kona ya kitenge, akaniuliza kama macho yake bado mekundu. Nikasema kidogo. Akanawa tena. Akasema, "Mwadi anakaribia kurudi na kuni. Akiniona hivi hatakula." Kisha akakaa mlangoni akiangalia njia ya reli, akafanya mazoezi ya kutabasamu, na Mwadi alipoonekana akija na mzigo wake alisimama.

Mwadi alikuwa ameinamisha kichwa. Nje, mtu alikuwa akigonga meza yake akiuliza bei.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia tangu mwanzo.